Ala za Programu na Deni la Muda

Ala ya programu, yaani programu ya kompyuta inayotoa sauti ya kinanda, gitaa, tarumbeta au ngoma pasipo ala yenyewe kuwapo chumbani, imewawezesha watayarishaji wa muziki wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala kufanya kazi ya bendi nzima juu ya meza moja. Uwezo huo hulipiwa na kichakataji, sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Kila ala inayoongezwa kwenye wimbo huongeza hesabu, na hesabu zikizidi, sauti huanza kukwaruza, kisha kukatika, na mwisho kunyamaza kabisa. Wengi huliona tatizo hilo kuwa ushahidi kwamba kompyuta ni dhaifu na kwamba dawa ni kununua nyingine. Mara nyingi si kweli. Kinachopungua ni muda, na muda huo unaweza kupatikana ndani ya kompyuta ileile iwapo mtayarishaji atajua ni hesabu zipi zinazolazimika kufanywa papo hapo na ni zipi zinazoweza kufanywa mapema zikawekwa.

Muziki wa kompyuta ulianza bila haraka yoyote. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, aliandika programu iliyoitwa MUSIC, na mwenzake Newman Guttman akaitumia kutunga kipande cha sekunde 17. Hesabu za kipande hicho zilifanywa na kompyuta ya IBM 704 iliyokuwa New York, matokeo yakahifadhiwa kwenye utepe wa sumaku, na utepe ukapelekwa maabara ili mtambo wa huko uyageuze kuwa sauti. Hakuna aliyeitaka kompyuta ile itoe sauti palepale. Ilipewa muda iliouhitaji, na msikilizaji akasubiri. Karibu matatizo yote yanayojadiliwa hapa yalizaliwa baadaye, pale kompyuta ilipotakiwa kutoa sauti wakati uleule kidole kinapogusa kinanda.

Matakwa hayo yalikuja kwa hatua. MIDI, lugha ya pamoja inayowezesha vinanda na kompyuta za kampuni mbalimbali kupeana maagizo, ilianza kutumika mwaka 1983, nayo ni nyepesi mno, kwa kuwa haibebi sauti bali hueleza tu noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu kiasi gani. Sauti yenyewe ilitoka kwenye mashine za nje. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa mfumo wa VST, uliowezesha vikorombwezo vya sauti kama mwangwi kufanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, na toleo la pili la mfumo huo, la mwaka 1999, likazifungulia mlango ala zenyewe. Kazi iliyokuwa ikigawanywa kwa mashine tano au sita, kila moja na kichakataji chake, ikabebeshwa kichakataji kimoja. FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops na ambayo leo ni programu ya kila siku katika studio nyingi za Afrika Mashariki, ilikua ndani ya mabadiliko hayohayo.

Sauti iliyomo ndani ya kompyuta ni mfululizo wa tarakimu, kila moja ikionyesha wimbi la sauti lilikuwa wapi katika nukta fupi sana ya wakati. Tarakimu hiyo huitwa sampuli. Diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilitumia sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa kushoto na wa kulia, na kiwango hicho bado kinatumika sana. Kompyuta haizitoi sampuli hizo moja moja, bali huzikusanya katika mafungu, na kila fungu huwekwa mahali pa kusubiria panapoitwa bafa kabla ya kupelekwa kwenye spika. Fungu la sampuli 128 huchukua milisekunde 2.9 kuchezwa, milisekunde moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Maana yake ni kwamba wakati fungu moja linasikika, kichakataji kina milisekunde 2.9 tu za kukokotoa kila ala, kila kikorombwezo na kila treki, yaani njia ya ala au mwimbaji mmoja ndani ya wimbo, kwa ajili ya fungu linalofuata, na deni hilo hurudi takriban mara 345 katika kila sekunde ya wimbo. Fungu likichelewa hata mara moja, spika hukosa cha kucheza, na pengo hilo ndilo mkwaruzo unaosikika.

Hapa ndipo wengi wanapopotoshwa na kipimo kisichofaa. Dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya kichakataji hutoa wastani wa kazi iliyofanywa katika muda ambao, kwa upande wa sauti, ni mrefu sana, nalo linaweza kusoma asilimia 40 huku wimbo ukikatika, kwa sababu wastani hauoni fungu moja lililochelewa. Kipimo kilichomo ndani ya programu nyingi za muziki hushughulika na jambo jingine: katika muda uliotengwa kwa kila fungu, ni sehemu gani imekwisha kutumika. Mtayarishaji anayetaka kujua hali ya wimbo wake aangalie hicho cha pili, tena aangalie vilele vyake, kwa kuwa sauti hukatika kileleni.

Tiba ya kwanza haigusi muziki hata kidogo. Bafa ikiongezwa hadi sampuli 1,024, kila fungu hupata milisekunde 23.2, na kichakataji kikikwama kidogo mahali fulani huwa na nafasi ya kufidia kabla fungu halijatakiwa. Hasara yake ni kuchelewa kwa sauti: hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na mpiga kinanda kusimama karibu mita nane kutoka kwenye spika yake, umbali unaotosha kumvuruga anayetaka kupiga sawasawa na mapigo. Bafa ndogo basi ni ya kurekodi na bafa kubwa ni ya kuchanganya sauti, na anayeiacha kwenye 128 kutwa nzima analipia wepesi asioutumia. Kwenye Windows, jambo hili huenda pamoja na draiva ya ASIO, njia ya mkato kati ya programu na kadi ya sauti iliyobuniwa na Steinberg mwaka 1997. Mwenye kadi ya nje hutumia draiva ya aliyeitengeneza, na asiye na kadi hiyo anaweza kutumia ASIO4ALL, ambayo hailipiwi.

Baada ya bafa, mzigo mkubwa zaidi hupatikana kwenye idadi ya sauti zinazolia kwa pamoja, na hapa inafaa kufanya hesabu yenyewe badala ya kuisimulia. Uchukuliwe wimbo wenye mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, wenye sauti laini ya kujazia nyuma ya mwimbaji. Noti nne hupigwa pamoja na kubadilishwa kila baada ya mapigo mawili, yaani kila sekunde 1.2. Ala ina osileta mbili, osileta ikiwa ni kile chanzo cha wimbi la sauti ndani ya programu, na kila osileta imezidishwa mara saba ili sauti moja isikike pana kama kwaya. Muda wa kufifia, yaani muda ambao noti huendelea kusikika baada ya kuachiwa, umewekwa sekunde nne. Kila noti basi huishi sekunde 5.2, na kwa kuwa kundi jipya huingia kila sekunde 1.2, makundi manne hadi matano huwa hai kwa wakati mmoja. Makundi matano ya noti nne ni noti 20. Zikizidishwa kwa osileta mbili, kisha kwa saba, ni osileta 280 zinazokokotolewa ili kutoa sauti ambayo msikilizaji hata haitegei sikio.

Muda wa kufifia ukishushwa hadi sekunde 1.2, ni makundi mawili tu yanayokutana. Kule kuzidisha kukipunguzwa kutoka saba hadi tatu, hesabu huwa noti nane, mara mbili, mara tatu, yaani osileta 48. Ala ikisikilizwa peke yake tofauti itasikika. Ngoma, besi na mwimbaji wakiingia, tofauti hiyo humezwa, na si ajabu wimbo ukawa safi kuliko ulivyokuwa, kwa kuwa mikia ya noti zilizopita haigongani tena na noti mpya. Ala nyingi pia zina sehemu ya kuweka kikomo cha noti zinazoruhusiwa kulia pamoja. Besi inayopiga noti moja moja haina sababu ya kuruhusiwa noti 16.

Ala zinazotumia sauti halisi zilizorekodiwa hubebesha mzigo wao mahali pengine. Piano iliyorekodiwa vitufe vyote 88, kila kimoja kwa viwango vinane vya nguvu, kila noti sekunde kumi, kwa pande mbili na kwa ubora wa biti 24 kwa kila sampuli, hufikia takriban gigabaiti 1.86. Hapo kichakataji hakisumbuki sana, bali kumbukumbu ya RAM ndiyo inayojaa. Mwaka 1998 programu ya GigaSampler ilileta ufumbuzi ambao bado unatumika katika Kontakt na nyinginezo: mwanzo tu wa kila noti huwekwa kwenye kumbukumbu, na sehemu iliyobaki husomwa kutoka kwenye diski wakati noti inalia. Ndiyo maana diski ya SSD, isiyo na sahani wala sindano inayotembea, huiponya kompyuta ya zamani kuliko mambo mengi mengine, na ndiyo maana Kontakt ina amri ya kutoa kwenye kumbukumbu noti zote ambazo wimbo hauzipigi.

Vikorombwezo navyo vina uzito wake, na mwangwi ni miongoni mwa vizito zaidi, hasa ule unaotokana na sauti iliyorekodiwa ndani ya ukumbi au kanisa la kweli, kwa sababu kila sampuli inayoingia hulazimika kukutanishwa na maelfu ya sampuli za ukumbi huo. Wimbo wenye treki 12, kila moja na mwangwi wake, hukokotoa kumbi 12; mwangwi mmoja uliowekwa kwenye njia ya pamoja, kila treki ikipeleka kiasi chake, hukokotoa ukumbi mmoja, na zaidi ya hayo waimbaji na wapigaji wote husikika kana kwamba wamesimama mahali pamoja. Mafundi wa zamani waliokuwa na mashine moja tu ya mwangwi studio nzima walifanya hivyo kwa kulazimika, na kazi zao zilinufaika. Vilevile kuna vikorombwezo na ala zinazofanya hesabu zake kwa kasi ya mara mbili, nne au nane ya sampuli za wimbo ili kuondoa uchafu katika sauti za juu, na kila mara kasi hiyo inapozidishwa kwa mbili, gharama nayo hukaribia kuongezeka mara mbili. Diva, ala ya kampuni ya u-he ya Berlin inayojulikana kwa uzito wake, humpa mtumiaji ngazi kadhaa za ubora kuanzia ile ya rasimu. Kutunga kwenye ngazi ya chini na kupanda ngazi ya juu siku ya kutoa wimbo ni matumizi sahihi kabisa ya programu hiyo. Hukumu ya namna hiyohiyo inahusu kurekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye masafa ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na nadharia iliyojengwa na Harry Nyquist na Claude Shannon huonyesha kwamba sampuli zinazozidi kidogo mara mbili ya idadi hiyo zinatosha kuibeba sauti yote. Kwa wimbo wa bongo fleva utakaosikilizwa kwenye simu, kuongeza mzigo wote maradufu hakuna utetezi.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini kompyuta yenye viini vinane, yaani vichakataji vinane ndani ya kipande kimoja, hukwama wakati saba kati yake vimekaa bure. Jibu liko kwenye mfuatano wa kazi. Sauti ya besi haiwezi kupita kwenye kisawazishi kabla haijatoka kwenye ala, wala haiwezi kubanwa kabla haijasawazishwa, kwa hiyo mnyororo wa treki moja kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja. Treki nyingi zinaweza kugawanywa kwa viini vingi, ila zote hukutana kwenye treki kuu ya mwisho, na mtayarishaji aliyepanga hapo vikorombwezo kumi vizito amejenga foleni ambayo wingi wa viini hauwezi kuifupisha. Gene Amdahl alilieleza jambo hili kwa jumla mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha faida ya kugawanya. Vikorombwezo vya treki kuu, hasa vile vinavyochungulia mbele ya sauti ili kuidhibiti na hivyo kuichelewesha, visubiri hadi kurekodi kumalizike.

Kuna kisa kimoja cha kiufundi ambacho kimewashangaza wengi, nacho ni kipimo cha mzigo kupanda wakati muziki umesimama. Mwangwi unapofifia, tarakimu zake hupungua bila kufika sifuri, hadi zinakuwa ndogo kuliko kiwango ambacho kichakataji huzishughulikia kwa njia yake ya kawaida. Kikifika hapo hulazimika kutumia njia ya pembeni iliyo ndefu zaidi, na ukimya ukawa mzito kuliko sauti. Programu za kisasa huzihesabu tarakimu hizo kuwa sifuri tangu mwanzo, lakini vikorombwezo vya zamani, ambavyo bado vinazunguka kutoka diski hadi diski, havifanyi hivyo siku zote. FL Studio ina amri ya kuzima vikorombwezo visivyopitisha sauti, na amri hiyo huondoa sehemu kubwa ya upotevu wa aina hii.

Hata hivyo, njia iliyo na nguvu kupita zote ni ile ya Mathews: kukokotoa mapema. Programu nyingi za kurekodia, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, zina amri ya kugandisha treki, ambayo kwa kawaida huandikwa Freeze. Programu huicheza ala hiyo kimyakimya pamoja na vikorombwezo vyake, huandika matokeo kuwa faili la sauti, kisha huizima ala yenyewe. Mama lishe anayejua kwamba wateja watafika saa saba hupika pilau asubuhi, akabakiza jikoni chipsi mayai tu zinazotakiwa zikiwa moto. Mtayarishaji naye abakize ikiendeshwa papo hapo ile ala anayoipiga au kuibadilisha wakati huo, na nyingine zote ziwe zimeiva. Gharama ya faili ni ndogo mno: treki ya dakika nne kwa pande mbili na biti 24 haizidi megabaiti 64, na kulisoma faili hilo kutoka kwenye diski ni kazi ambayo kompyuta ya miaka kumi iliyopita huifanya kwa treki nyingi bila kuhema.

Muziki wenye vipande vinavyojirudia hunufaika zaidi. Singeli, muziki uliokulia mitaa ya uswahilini Dar es Salaam na kufika majukwaa ya Ulaya, hasa baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, huenda kwa mwendo wa mapigo 200 na kuzidi kwa dakika, na katika mwendo huo pigo moja halifiki theluthi ya sekunde. Ala yenye muda wa kufifia wa sekunde mbili huwa na mikia ya mapigo sita au zaidi ikilia kwa pamoja, mzigo ambao ala ileile isingekuwa nao katika wimbo wa taratibu. Kipande cha mapigo manane kikigandishwa mara moja kisha kikarudiwa, gharama ya hesabu hulipwa mara moja tu. Jambo la kuangalia ni mkia: kipande kikikatwa sawasawa mwishoni, mwangwi wa noti za mwisho hupotea, na kila kinaporudi mwanzo husikika kama kimemezwa. Hukwepwa kwa kuandika mizunguko miwili mfululizo na kuuchukua wa pili, ambao umekwisha kubeba mkia wa ule wa kwanza.

Mazingira ya kompyuta yanahitaji maneno machache. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue, na katika joto la Januari la mwambao kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya godoro, matundu yake yakiwa yameziba, hupoteza sehemu ya nguvu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi. Feni isafishwe vumbi, kompyuta iwekwe mahali pagumu penye hewa, mpangilio wa umeme uwe wa utendaji kamili, na chaja iwe imechomekwa. Mtandao wa Wi-Fi nao uzimwe wakati wa kurekodi, kwa kuwa draiva yake hukatiza kazi ya kichakataji kwa vipindi vifupi ambavyo mtumiaji wa barua pepe hawezi kuvigundua, ilhali fungu la milisekunde 2.9 huvigundua.

Wapo wanaopinga kugandisha kwa hoja kwamba huua uhuru wa kubadilisha. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo noti za MIDI hufutwa baada ya sauti kuandikwa, lakini amri ya kugandisha huzihifadhi na treki hufunguliwa tena kwa kubofya mara moja. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Wimbo uliohifadhiwa kwa noti na mipangilio ya ala pekee hutegemea ala hizo kuendelea kuwapo, na baada ya miaka michache kompyuta hubadilishwa, leseni hupotea, toleo jipya la ala hukataa mipangilio ya zamani, na kampuni nyingine hufunga milango. Msanii anayetaka kurudia wimbo wake wa miaka minane iliyopita hufunguliwa mradi wenye majina ya treki na ukimya. Kila treki inapaswa kuandikwa kuwa faili la sauti kuanzia sekunde ya kwanza ya wimbo, mara moja ikiwa na vikorombwezo na mara nyingine bila vikorombwezo hivyo, jina la faili likitaja ala, mwendo na ufunguo wa wimbo, na nakala mbili zikae kwenye diski mbili zisizolala chumba kimoja.